Neno Litangulie Mkono

Jumapili saa saba mchana, ibada inapomalizika katika makanisa ya Makongeni mjini Thika, waumini hawaondoki upesi. Pasta husimama mlangoni, mkono mbele, nao hupita mmoja mmoja: wazee na bakora zao, akina mama wenye watoto mgongoni, vijana wa kwaya ambao jasho halijawakauka. Kwa nusu saa hivi mkono huo mmoja hukutana na mikono mia, pengine mia mbili. Nje ya geti mikono hiyohiyo hununua mahindi ya kuchoma, humpangusa mtoto kamasi, hupokea chenji ya makanga kwenye matatu inayorudi Ruiru. Kisha hufika nyumbani, na mara nyingi huingia kwenye sahani kabla ya kuingia kwenye maji.

Hapo hakuna aliyekosa adabu. Kila mmoja ametimiza adabu aliyofunzwa tangu utotoni, kwamba ukimkuta mtu umpe mkono. Ndiyo maana agizo la "msisalimiane kwa mikono" huwa gumu kushikwa. Linamtaka mtu aache heshima bila kumwonyesha aweke nini mahali pake.

Uzito wa mkono Kenya hauhitaji maelezo marefu. Rais Uhuru Kenyatta na mpinzani wake Raila Odinga waliposalimiana kwenye ngazi za Harambee House tarehe 9 Machi 2018, salamu hiyo ilizaa neno zima, handisheki, na mpaka leo ukilitaja kila mtu anajua unazungumzia nini. Mkono umekuwa muhuri wa amani, wa biashara, wa msamaha na wa pole. Anayeshauri watu wauweke kando wakati wa maradhi lazima aanze kwa kukiri hilo.

Miaka miwili baada ya handisheki, tarehe 13 Machi 2020, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alitangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini. Tarehe 6 Aprili serikali ikafunga njia za kuingia na kutoka eneo la Nairobi na viunga vyake, na mpaka wa upande wa Thika ukawekwa kwenye daraja la Mto Chania. Ruiru na Thika zilikuwa ndani, Murang'a ilikuwa nje. Hali hiyo ilidumu hadi mwanzoni mwa Julai. Katika miezi hiyo watu walijaribu kila namna ya kusalimiana: viwiko, miguu, ngumi. Hata kabla ya hapo, tarehe 3 Machi, Rais John Magufuli wa Tanzania na mwanasiasa wa upinzani Maalim Seif Sharif Hamad walikuwa wamegusanisha miguu Ikulu ya Dar es Salaam, na picha hiyo ikaenea Afrika Mashariki yote.

Leo viwiko vimesahaulika na miguu imerudi ardhini. Mkono umerudi pale pale. Sababu yake ni ya kawaida kabisa: viwiko vilikuwa salamu ya muda, havikuwa na maneno yake, na hakuna bibi aliyewahi kumfunza mjukuu wake kusalimia hivyo.

Safari ya kiganja

Kiganja chenyewe hakina neno. Kinachoambukiza ni safari yake: kutoka puani mwa mmoja hadi mkononi mwa mwingine, kisha jichoni au mdomoni. Safari hiyo ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2015 watafiti nchini Australia walichapisha matokeo ya kuwachunguza wanafunzi wa udaktari wakiwa darasani, wakahesabu kila walipojigusa uso. Kwa wastani kila mmoja alijigusa mara 23 kwa saa, na karibu nusu ya miguso hiyo ilikuwa machoni, puani au mdomoni. Hao ni watu wanaosomea maradhi. Mchuuzi wa Jamhuri Market mjini Thika mwenye vumbi usoni tangu asubuhi hawezi kutarajiwa kujigusa mara chache zaidi.

Mwaka uliotangulia, David Whitworth na Sara Mela wa Chuo Kikuu cha Aberystwyth, Wales, walivaa glavu, wakaichovya moja kwenye bakteria, wakasalimiana kwa namna tofauti na kupima kiasi kilichohamia upande wa pili. Kupigana viganja kulihamisha karibu nusu ya kile kilichohamishwa na mkono wa kawaida. Kugonganisha ngumi, ambako vijana wa Githurai na Kimbo wamekuita gota kwa miaka mingi, kulipunguza bakteria kwa takriban asilimia 90, kwa sababu ngozi inayogusana ni ndogo na mguso ni wa kufumba na kufumbua. Kwa hiyo kijana anayesema "nipe gota" ana hoja, na asiyegusa kabisa ana hoja kubwa zaidi.

Lazima isemwe wazi pia kwamba si kila ugonjwa unasafiri kwa mkono. Korona huenea zaidi kwa hewa, na mtu akikukohoa usoni huku ameweka mkono kifuani bado amekukohoa usoni. Faida ya salamu ya mbali kwa maradhi ya namna hiyo ni ile hatua moja au mbili inayobaki kati ya watu. Lakini yako maradhi ambayo mkono ni mojawapo ya barabara zao kuu: homa na mafua, macho mekundu yanayopitia darasa zima wiki moja, upele, na aina nyingi za kuhara na kutapika. Mpox, ambayo Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza Julai 2024 huko Taveta, hupita ngozi kwa ngozi. Kipindupindu hupitia maji na chakula kilichochafuka, na mikono isiyooshwa ndiyo inayokichafua. Kaunti ya Kiambu inalijua hilo vizuri: mlipuko uliotangazwa Oktoba 2022 ulihusishwa mwanzoni na sherehe ya harusi huko Limuru.

Isitoshe, Ruiru na Thika zimejaa watu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 Ruiru na 251,407 Thika. Ploti moja ya Kihunguro au Kiandutu yaweza kuwa na vyumba ishirini, mfereji mmoja, na komeo la choo linaloshikwa na kila mkono ulioamka asubuhi hiyo. Katika mazingira kama hayo, kupunguza mguso mmoja usio wa lazima kunapunguza miguso mingi.

Shikamoo haishiki tena

Watu wakisikia "salamu bila kugusana" hudhani ni jambo lililoletwa na ndege pamoja na barakoa. Lugha inasema vingine. Tazama shikamoo. Wataalamu wa lugha hulieleza neno hili kuwa ni ufupisho wa "nashika miguu yako": mdogo akijishusha mbele ya mkubwa. Leo mtoto anayesema shikamoo hashiki mguu wowote. Neno limebeba tendo, tendo likapumzika, na mkubwa hujibu marahaba akiwa ametosheka kabisa. Waswahili walikwisha kuigeuza salamu ya kugusa kuwa salamu ya neno, na hakuna aliyelalamika kwamba heshima imepungua.

Hodi nayo ni hivyo hivyo. Mgeni husimama nje ya mlango, hutoa sauti, hungoja karibu. Salamu imeanza na mazungumzo yameanza, ilhali kati yao pana ukuta.

Thika ni mji wa watu wa kila pembe, waliofuata viwanda, mashamba ya mananasi na barabara kuu, na kila mmoja alikuja na salamu zake. Mgikuyu huuliza "Wĩ mwega?" na kungoja "Ndĩ mwega". Mkamba humwamkia mkubwa kwa "Wakya" naye hujibiwa "Aa", sauti fupi inayotoka kifuani. Mluhya hutamka mulembe, yaani amani. Mjaluo huamka na oyawore. Hakuna hata moja kati ya hizi inayohitaji kiganja ili ikamilike. Wahindi ambao familia zao zimefanya biashara Thika kwa vizazi huunganisha viganja vyao wenyewe mbele ya kifua na kuinamisha kichwa: namaste.

Kuna jamii nyingine isiyotajwa sana. Washona, ambao wazee wao walitoka Zimbabwe kama wahubiri miongo mingi iliyopita, wanaishi Kaunti ya Kiambu, Githurai ikiwemo, na baada ya kuishi bila uraia kwa muda mrefu walitambuliwa rasmi kuwa Wakenya mwaka 2021. Katika utamaduni wa Washona, makofi ni sehemu ya salamu: wanaume hupiga viganja vikiwa vimenyooka, wanawake huvikunja kidogo na kuvikingamisha ili vitoe sauti ya chini. Anayesalimiwa husikia heshima yake kwa masikio.

Ng'ambo ya mpaka, Watooro na Wanyoro wa magharibi mwa Uganda wana empaako, jina la heshima ambalo kila mtu hupewa pamoja na jina lake: Amooti, Akiiki, Adyeri, Abwooli na mengineyo. Kumsalimia mtu bila kumuuliza au kumtaja empaako yake ni kama hujamsalimia. Mwaka 2013 UNESCO iliuweka utamaduni huo kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka. Funzo lake linafaa hata Ruiru: jina likitamkwa vizuri, mtu hujiona ameshikwa.

Hata hivyo, si kila cha jadi ni salama, na anayeshauri asifiche hilo. Wazee wa Kimaasai na wa Kigikuyu walibariki kwa kutema mate, kwa vile mate yalikuwa ishara ya baraka inayotoka ndani ya mtu. Daktari yeyote atasema mate yanaweza kubeba maradhi kama mafua. Lakini jadi hiyohiyo ya Wagikuyu ina dua ya thaai, inayoombwa mikono ikiwa imeinuliwa kuelekea Kirinyaga, yaani Mlima Kenya. Mzee anayetaka kumbariki mjukuu anaweza kuichagua hiyo, na baraka ikabaki baraka.

Wala jadi haikuwa kipofu mbele ya maradhi. Ebola ilipozuka Gulu, kaskazini mwa Uganda, mwaka 2000, watu 425 waliugua na 224 wakafa, akiwemo Daktari Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor. Waacholi wa eneo hilo walikuwa tayari na utaratibu wa kale wa kukabili gonjwa waliloliita gemo: mgonjwa hutengwa nyumba yake, huhudumiwa na mtu aliyewahi kupona, mlangoni huwekwa mabua marefu ya nyasi kuwa alama ya kuwazuia wageni, ngoma na mikusanyiko husimamishwa. Wazee hawakungoja hadubini ili wajue kwamba kuna wakati wa kukaa mbali na umpendaye.

Namna ya kufanya bila kumuudhi mtu

Kinachoumiza katika salamu ya mbali ni ule mkono unaobaki hewani. Dawa yake ni kutangulia. Mtu aanze kusalimia akiwa bado hatua nne au tano mbali: amwite mwenzake kwa jina au kwa cheo cha ukoo, guka, shosho, mama Wanjiru, mzee, huku mkono wa kulia ukiwa tayari umetua kifuani na kichwa kimeinama kidogo. Aliyeitwa hivyo huwa amekwisha kusalimiwa kabla hajafikiria kutoa mkono. Anayengoja hadi wakaribiane, halafu akarudisha mkono nyuma, ndiye anayeonekana kuwa na maringo.

Maneno nayo yasipungue. Salamu za mjini zimekatwa hadi "sasa" na "poa", na zikiondolewa mkono hakibaki kitu. Asiyetoa mkono aongeze habari: za nyumbani, za watoto, za mvua, za yule mgonjwa wa wiki jana. Dakika moja ya kuuliza na kusikiliza hujaza nafasi ya kiganja, na zaidi.

Sababu itolewe mara moja tu, na iwe upande wa msemaji. "Shosho, nina homa, sitaki nikuachie" ni sentensi ambayo hakuna bibi atakayeichukia, kwa kuwa inamlinda. "Siku hizi hatusalimiani kwa mikono" inasikika kama hukumu.

Mzee akiwa amekwisha kunyoosha mkono, siku ya kawaida, asiachwe hivyo. Aliyenyooshewa aupokee kwa heshima, kisha ajizuie kugusa uso mpaka atakapopata maji. Hii haihusu wakati wa mlipuko uliotangazwa wa kipindupindu, mpox au Ebola, wala siku ambayo mmoja wao anaumwa. Hapo mkono kifuani na neno la pole vitoshe, na kijana mmoja wa familia awe amemweleza mzee mapema, nyumbani, asije akashtuka hadharani.

Katika matanga, ruracio (sherehe ya mahari) na harusi, kazi hii ni ya mshereheshaji na mwenyekiti. Tangazo la dakika moja mwanzoni, kwamba familia inaomba wote wasalimiane kwa kupunga au kwa mkono kifuani, huwaondolea watu mia tatu mzigo wa kila mmoja kujieleza. Mfiwa ndiye anayeshikwa mikono kuliko mtu yeyote mazishini. Apewe kiti chenye nafasi mbele yake, na wanaompa pole wasimame, waseme, wapite. Makanisani, ile sehemu ya kutakiana amani inaweza kufanywa kwa kugeuka, kutazamana na kuinama. Na yule pasta wa mlangoni akiwa wa kwanza kuweka mkono kifuani, mstari wote utamfuata kabla ya Jumapili ya pili kuisha.

Sokoni na kwenye matatu, pesa ndizo zinazoshikana mikono. Machi 2020 ada za M-Pesa ziliondolewa kwa muda kwa malipo yasiyozidi shilingi 1,000 ili kupunguza noti na sarafu mikononi, na mazoea ya kulipia hata nyanya za hamsini kwa simu yalienea sana. Ni mazoea ya kushikilia. Anayeuza mayai na smoki kando ya barabara, mkono mmoja ukipokea sarafu na mwingine ukijaza kachumbari, ashauriwe kutumia kijiko, au awe na msaidizi wa kushika pesa.

Wasioona wafikiriwe kwa namna yao. Thika ni makao ya shule ya wasioona iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu miaka ya 1940, na wakazi wengi wamezoea kukutana na wanafunzi wake mjini. Kwa asiyeona, kupunga mkono au kuinama si salamu. Ataje jina lake kwanza anayesalimia, aseme amesimama wapi, na ikiwa mwenzake anahitaji kuongozwa, ampe kiwiko au bega lililofunikwa nguo badala ya kiganja. Kwa kiziwi mambo hugeuka: atazamwe usoni, apungiwe, na kama barakoa imevaliwa, mikono iseme zaidi.

Watoto wafunzwe kuanzia nyumbani. Mtoto wa miaka mitatu hujifunza shikamoo na mkono kifuani kwa wiki moja akiwaona wazazi wakifanya. Mtoto mchanga naye alindwe waziwazi: anayekuja kumwona amtazame, amsifu, amwombee, asimbusu wala kumshika vidole, maana vidole hivyo huenda moja kwa moja mdomoni. Mama aliyejifungua mara nyingi huona haya kulisema hili. Baba au nyanya wa mtoto alisemee mlangoni.

Yote haya hayachukui nafasi ya sabuni. Kunawa kwa sabuni hupunguza maradhi ya kuhara kwa takriban theluthi moja, na sanitaiza, ijapokuwa inasaidia safarini, haiviwezi vizuri baadhi ya virusi vya kutapika na kuhara ambavyo maji yanayotiririka na sabuni huviondoa. Ploti isiyo na maji ya kudumu inaweza kuweka jerikeni yenye mfereji mdogo juu ya kigoda karibu na geti, na kipande cha sabuni ndani ya wavu kikining'inia kwa kamba. Gharama hugawanywa kwa vyumba vyote, na zamu ya kujaza maji hubandikwa ukutani.

Mazoea haya yana misimu yake. Juni hadi Agosti, baridi ya Kiambu inapowafungia watu ndani na homa kuzunguka. Wiki za kwanza baada ya shule kufunguliwa. Siku za mvua kubwa, maji taka yanapofurika. Nyakati hizo neno na kifua vitangulie, na siku nyingine kila mtu aangalie aliye mbele yake: mzee, mjamzito, anayesafishwa damu, anayepokea tiba ya saratani.

Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Mjukuu anayetoka Ruiru Jumamosi kwenda kumwona nyanyake Gatanga anaweza kulifanya hilo kuwa kweli kwa mpangilio mdogo tu. Anasimama uani, anabisha hodi, anamwita shosho kwa sauti ambayo hata jirani ataisikia. Shosho anajibu kutoka jikoni, anauliza ni nani, anacheka akitambua sauti. Mjukuu anaweka mfuko wa unga na sukari chini, anaelekea kwenye jerikeni kando ya mlango, ananawa hadi kwenye vifundo, anajikung'uta mikono hewani. Maswali ya safari na ya nyumbani yanaendelea muda wote huo, mmoja akiwa ndani na mwingine nje. Ndipo anapoingia na kuketi, na kama hana homa, na shosho akitaka kuushika mkono wake na kukaa nao mapajani mpaka chai ichemke, mkono huo uko tayari.